Chumba cha Ndoa, Chumba cha Kilimo

Mimi ni fundi cherehani. Nina kibanda Kibiti, si mbali na barabara kuu ya kwenda kusini, na kutwa nzima nashona madera, sare za shule na magauni ya harusi. Pia nina kazi ya pili, isiyo na mshahara wala kiti, nayo ni kuhamisha maneno ya watu.

Aliyenitia humo ni binamu yangu. Anakaa Dar, riziki yake iko kwenye kompyuta, na siku moja aliamua kwamba watu wa kwetu, kuanzia visiwa vya delta mpaka vijiji vya juu mtoni, wanastahili kuwa na jukwaa lao mtandaoni. Alichoshwa na magrupu ya simu, ambamo habari ya msiba huzikwa na matangazo ya mitumba kabla maiti mwenyewe hajazikwa. Akalijenga jukwaa, akaligawa vyumba: Kilimo, Uvuvi, Soko, Misiba, Ndoa na Familia, Dini, na kimoja cha Soga kwa wanaotaka kucheka tu. Kisha akanipigia simu.

"Dada, si wewe uliyekuwa ukigombeza watu kwenye grupu la ukoo wakileta mambo yasiyohusika?"

"Ndiye mimi."

"Basi njoo uwagombeze rasmi."

Nikawa msimamizi. Mwenzangu akawa maalimu mmoja wa Maparoni, huko delta, mtu mzima, anayefundisha watoto Kurani na kulima mpunga. Kwao mtandao haushiki kila mahali. Kuna sehemu pale pwani, zinapofungwa mashua, ambapo simu hupata nguvu, naye hushuka hapo baada ya sala ya alasiri, anasoma yote yaliyoandikwa tangu jana na kutoa hukumu. Kwa muda mrefu nilimjua kwa maandishi tu. Hakukosea herufi kubwa, hakusahau salamu, na hakuwa na mchezo.

Kazi yenyewe ni rahisi kueleza. Mtu akianzisha uzi mahali pasipo pake, unauhamishia panapohusika. Uzi ndiyo mada pamoja na majibu yake yote yaliyofuatana. Neno hilo nililikuta huko huko mtandaoni, na kwa fundi cherehani halikuwa gumu kulizoea. Ugumu uko kwa wenye nyuzi. Watu hawasomi majina ya vyumba. Wanaingia mlango wowote ulio wazi, wanasema shida yao, wanatoka. Mwingine anaandika swali lile lile katika vyumba vyote, hata cha Dini, na swali lenyewe ni bei ya tairi la pikipiki.

Mwanzoni binamu yangu hakuweka alama yoyote ya kuonyesha uzi umekwenda wapi. Ulikuwa ukihamishwa unatoweka tu. Bwana mmoja akaja mpaka kibandani kwangu, simu mkononi, jasho linamtoka.

"Tangazo langu la mbuzi liko wapi?"

"Tumelipeleka Soko, kaka. Wewe ulikuwa umeliweka chumba cha Misiba."

"Sasa mbuzi wananunuliwa wapi zaidi ya msibani?"

Siku hiyo hiyo nilimwambia binamu yangu aweke alama, na tangu hapo kila uzi uliohama huacha mstari mmoja nyuma yake: umehamishiwa mahali fulani, karibu. Ugomvi ukapungua. Watu wengi hawakasiriki kwa kuhamishwa. Hukasirika kwa kutafuta maneno yao wasiyaone.

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukienda, salama salimini, mpaka alipoingia mama mmoja wa Mloka, juu mtoni.

Ilikuwa asubuhi, nimetandika kitambaa mezani nataka kukata, simu ikalia. Katika chumba cha Ndoa na Familia kulikuwa na uzi mpya, na majibu yalikuwa yanamiminika. Nikausoma.

"Jamani nisaidieni. Mimi ni mjane, niko Mloka. Nimechoka kulala shamba peke yangu. Wanakuja kila siku, nikiwafukuza hawaondoki. Nifanyeje?"

Wanaume walikuwa wameshajipanga. Mmoja aliandika kwamba yeye ni mtu mzima, ana kazi yake, hanywi wala havuti, aje lini? Yule mama akamjibu, "Njoo hata leo, uje na mkuki." Mwingine akauliza kwa hadhari, "Samahani mama, kwani wanakuja wangapi kwa siku?" Mama akajibu, "Kundi zima, pamoja na watoto wao. Yule dume kubwa ndiye hanisikii kabisa."

Mimi niliweka mkasi chini nikacheka mpaka mteja wangu, aliyekuwa amekuja kuchukua sketi, akaniuliza kama nimerogwa. Mama alikuwa anazungumzia nyani.

Nikamwandikia faraghani. "Shikamoo mama. Mimi ni msimamizi. Swali lako ni la kilimo, naomba nilihamishe."

"Marahaba mwanangu. Kwani hapa si pameandikwa familia?"

"Ndiyo, mama."

"Na hili shamba ni la familia. Mume wangu kafariki, watoto wako Dar, nimebaki mimi. Hao wanaosema wanakuja, wanakuja kweli?"

Nilimwambia hao awaache kwanza. Nikauhamisha uzi kwenda Kilimo, nikaandika juu yake, kama mama alivyonieleza, kwamba ni habari ya nyani, nguruwe pori na wakati mwingine tembo. Wachumba wakatawanyika. Hakuna hata mmoja aliyeufuata uzi huko ulikokwenda.

Kilimo walimpokea vizuri. Mmoja akamshauri pilipili iliyochanganywa na oili chafu, ipakwe kwenye kamba kuzunguka shamba. Mwingine akasema madebe. Lakini aliyekaa naye hasa, siku baada ya siku, alikuwa mtu mmoja wa delta ambaye badala ya picha ya uso wake alikuwa ameweka picha ya dungu, kile kibanda chetu cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo, ambamo mlinzi wa shamba hukaa mpunga ukiiva. Sote tukamwita Mwenye Dungu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliandika kwa kukata, kama anayetoa amri.

"Dungu lako lina ngazi ngapi? Zipunguze. Nguruwe hapandi, ila wewe utateleza."

"Tembo simjui, sijapata kumwona. Kwetu mwenye mwili ni kiboko. Kiboko hapendi mwanga unaotikisika. Mjaribu na huyo tembo wako."

"Leo umekula? Mlinzi mwenye njaa husinzia."

Mama wa Mloka alikuwa akijibu yote. Mwanzo alijibu kuhusu shamba. Baadaye akaanza kueleza na mengine: mumewe alivyokuwa akipiga kelele za kufukuza nyani mpaka kijiji kizima kinacheka, jinsi jioni inavyokuwa ndefu, jinsi alivyojikuta anazungumza na jembe. Mwenye Dungu akamwandikia, "Jembe halijibu. Zungumza na mimi."

Sasa hebu fikiria. Kiswahili chetu hakimtaji mwanamume wala mwanamke. Anakuja, anasema, anakula. Unaweza kumsoma mtu msimu mzima usijue kavaa kanzu au kanga. Nasi tulishaamua. Mtu anayejua viboko, mtu wa amri fupi fupi, huyo ni mwanamume, tena mjane kama mwenzake. Wakulima waliokuwa wakija kuuliza mbegu walianza kupita pale kila asubuhi kuona wawili hawa wamefikia wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa nakata kitambaa nikiwaza gauni la harusi nitalishona rangi gani.

Kisha mpunga wa Mloka ukaanza kupinda shingo, na Mwenye Dungu akaandika hivi:

"Mavuno yakikaribia nitakuja mwenyewe. Tutalala dunguni wawili. Mmoja akisinzia mwingine yuko macho."

Jukwaa likalipuka. Vigelegele vya maandishi, picha za maua, watu wakaulizana mahari. Mkulima mmoja aliyekuwa ameuliza habari ya mbolea akalalamika kwamba swali lake limefunikwa na shughuli ya watu. Ilipofika alasiri, maalimu akashuka pwani, akasoma, akaniandikia.

"Assalaam alaikum. Dada yangu, hiki si kilimo tena."

"Waalaikum salaam, maalimu. Si tungewauliza wenyewe kwanza?"

"Mtu anamwambia mwanamke tulale wawili, tena mbele ya hadhara, wewe unataka kuuliza? Chumba cha Ndoa kipo kwa kazi hiyo. Wakienda huko angalau watashauriwa kufuata taratibu."

Binamu yangu huko Dar akamuunga mkono, kwa sababu anampenda kila anayefuata taratibu. Maalimu akauhamisha uzi. Ukarudi chumba cha Ndoa na Familia ulikoanzia, na alama ikaachwa Kilimo: umehamishiwa Ndoa, karibu. Wote waliokuwa hawajui wakajua.

Miongoni mwa waliojua ni kaka mkubwa wa Mama wa Mloka, anayeishi Mbwara, ng'ambo ya mto.

Mchana mmoja nipo kibandani, nina bi harusi mtarajiwa amesimama mbele yangu na pini mwili mzima, pamoja na shangazi yake na rafiki zake. Pikipiki ikasimama. Akashuka mzee mrefu, kofia imekaa sawasawa, vumbi la safari mpaka kwenye kope. Alikuwa amevuka mto na kuuliza njia nzima, na Kibiti ukiuliza fundi anayesimamia jukwaa unaonyeshwa moja kwa moja.

"Wewe ndiye msimamizi?"

"Ndiye. Shikamoo baba. Karibu ukae."

"Marahaba. Sikai. Nataka kumjua huyo mwanamume anayetaka kulala na dada yangu dunguni."

Shangazi wa bi harusi akavuta kiti karibu. Nami nikamweleza yule mzee kwamba hatujui watu kwa majina, wala hatutoi habari za mtu bila idhini yake.

"Mnajua kumwozesha lakini hamjui ni nani?"

"Hatujamwozesha mtu, baba."

"Pameandikwa Ndoa! Nimeonyeshwa na jirani yangu, nikaonyeshwa tena msikitini. Dada yangu nimemwuliza kwa simu, anacheka tu, ananiambia kaka acha mambo yako. Mwanamke mzima anachekaje?"

Nikamwomba anipe nafasi. Nikamwandikia Mwenye Dungu faraghani: kaka wa Mama wa Mloka amekuja kwa pikipiki, yuko mbele yangu, amekasirika, tafadhali jitambulishe kwake upendavyo. Nikarudi kwenye pini zangu kwa haraka, na bi harusi akanisihi nisimchome.

Jibu lilikuja kama ujumbe wa sauti. Nikalifungulia kwa sauti ya juu ili mzee asikie, na kwa hiyo wote tukasikia. Ilikuwa sauti nzito, iliyokwaruzika, na nyuma yake kuku walikuwa wakilia. Ilikuwa sauti ya mwanamke.

"Salaam alaikum. Mie ndiye mwenye dungu. Naambiwa nimeposa." Akacheka kwanza, kicheko kirefu mpaka akakohoa. "Mie bibi mwenye wajukuu, jamani. Nimpose mwanamke mwenzangu, niende naye wapi? Nimesema tulale dunguni kwa kuwa mpunga ukiiva ndiko watu wanakolala. Nyie huko mjini mnalinda mpunga mmelala kitandani?"

Rafiki za bi harusi walikuwa wameshaangukiana kwa kicheko. Shangazi alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya mtandio. Yule mzee wa Mbwara alikuwa amesimama vile vile, ila kofia ilikuwa imeanza kukaa upande. Sauti ikaendelea, sasa bila kicheko.

"Huyo kaka mtu nimefurahi kusikia yupo. Nilidhani dada yake hana mtu. Msimu mzima mwanamke yule analala shamba peke yake, tembo wanapita chini yake, na hakuna aliyepanda pikipiki. Sasa kasikia mwanamume, kapanda. Mwambieni mavuno bado, dungu lina nafasi, aje na yeye."

Ikakatika.

Mzee alivua kofia. Kisha akakaa kwenye kile kiti alichokikataa mwanzo, akaomba maji. Nikampa. Akanywa yote.

"Hakuniambia kwamba ni tembo," akasema. "Kila nikimpigia anasema wazima, shamba zuri."

"Wanawake husema hivyo," shangazi wa bi harusi akamjibu. "Wazima, wazima, mpaka siku ya kuzikwa."

Alipoondoka alinishika mkono, akaniomba radhi kwa kuniingilia kazini. Nilimwambia hapana neno. Kisha nikamtumia maalimu ile sauti, bila maelezo. Alasiri ilipofika nikasubiri hukumu. Ilichelewa, na ilipokuja, kwa mara ya kwanza haikuanza na salamu.

"Huyu mama namjua. Ni jirani wa marehemu mama yangu. Amenibeba mgongoni."

Nikamwandikia, "Basi nawe ulikuwa mzigo wake, maalimu."

"Tena alinichapa niliposhuka dunguni kwake na punje za mpunga wake mfukoni," akaandika. "Nimemkosea adabu. Naenda nyumbani kwake kesho, inshallah, kumwangukia. Naomba wewe uurudishe uzi."

Nikaurudisha Kilimo. Chini yake maalimu aliandika maneno machache, kwa herufi zake zilizonyooka, kwamba wasimamizi waliuelewa vibaya mjadala wa watu waungwana na wanaomba radhi. Yeye ndiye aliyependekeza kanuni mpya, na binamu yangu akaipitisha: kabla ya kuuhamisha uzi ambao tayari una majibu, muulize mwenyewe. Imetupunguzia kasi, maana wengine wakiulizwa hujibu baada ya siku nyingi na wengine hujibu kwa swali jingine kabisa. Lakini sijaona sababu ya kuilalamikia.

Mwenye Dungu alitimiza neno lake. Alipanda boti mpaka Nyamisati, akaja Kibiti kwa gari, akalala kwangu ili asubuhi apande gari la Mloka. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea mtu mkubwa. Akashuka kibibi kifupi, mwepesi, kajifunga kanga mbili, kabeba kapu la kamba wakavu lililonukia barabara nzima. Alikagua kibanda changu, akakagua mishono yangu, akasema huu umepinda. Kweli ulikuwa umepinda.

Tulipokuwa tunakula akaniuliza, "Mwanangu, nini kilikufanya udhani mie mwanamume?"

"Ulikuwa unajua habari za viboko, bibi."

"Na wewe ulidhani wanaume wakienda kuvua, viboko wanasubiri mpaka warudi?"

Nikacheka, naye akaniongezea ubwabwa kwenye sahani, nyumbani kwangu mwenyewe, kama mimi ndiye mgeni.

Habari za Mloka tulizisoma Kilimo, sote, mpaka wachumba wa zamani. Mama wa Mloka aliandika kwamba mgeni wake amefika na jambo la kwanza alilofanya ni kubomoa ngazi mbili za dungu. Kaka mtu naye alifika, na madebe na turubai. Jioni moja, jua halijazama, tembo wakatokea kweli. Mwenye Dungu, ambaye hakuwa amemwona tembo maishani, alisimama akawatazama kwanza. "Ni wazuri," akaandika baadaye. "Sikutaka kuwapigia kelele mara moja." Kisha akapiga debe mpaka mkono ukavimba. Kaka mtu alipiga kelele zile za marehemu shemeji yake, alizokuwa akizikumbuka, na Mama wa Mloka akawa anatikisa taa huku anacheka na kulia. Tembo walikula kona moja ya mahindi wakaenda zao. Mpunga ulibaki. Nyani nao walirudi kesho yake, maana nyani hana aibu, lakini sasa watu walikuwa watatu.

Yule mzee wa Mbwara hakuondoka mpaka mpunga ulipopigwa na kutiwa magunia.

Mpunga wa delta ulipokaribia kuiva, Mama wa Mloka naye alifunga safari kwenda delta, kulinda shamba pamoja na mwenzake. Alipita kwangu, tukaonana uso kwa uso kwa mara ya kwanza, mwanamke mnene mwenye haya, akacheka kabla ya kunisalimu. Alikuwa hajawahi kupanda boti. Nilimshonea suruali ya kuvaa ndani ya gauni, kwa ajili ya tope la mikokoni. Baada ya siku kadhaa akatuandikia kwamba kiboko ana makelele kuliko tembo, kwamba huko kaa wanaliwa kama mahindi, na kwamba maalimu wa Maparoni huja kuwasalimu kila Ijumaa na hakai mpaka aambiwe akae.